Usiku wa Ijumaa

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "usiku wa Ijumaa" namkatiza. Namuuliza, ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe jua likishatua? Wenzangu wananicheka, wanasema kompyuta zimenila akili. Waache wacheke. Hawakukaa kwenye lile benchi la mahakama wakasikia nilichokisikia mimi.

Kazi ilikuwa ya mkataba. Ofisi moja hapa Tanga, siitaji kwa sababu bado napita mbele yake kila siku, iliamua karatasi zake zote ziingie kwenye mfumo. Taarifa za vizazi, taarifa za vifo, barua kutoka mitaani na vijijini, maboksi kwa maboksi, mengine yakifunguliwa yanatoka mende kabla ya karatasi. Kulikuwa na fundi wa skana, yeye anatoa pini, ananyoosha kona, anapitisha. Picha zikishaingia zinakuja kwetu kwa bechi, rundo moja moja, na sisi kazi yetu ni kuindeksi. Maana yake unaitazama picha upande wa kushoto wa skrini, halafu upande wa kulia unajaza vijisanduku: aina ya karatasi, jina, mtaa, tarehe, na saa kama imeandikwa. Ukimaliza unabonyeza, inakuja nyingine. Unafanya hivyo tangu asubuhi mpaka macho yanaanza kuona vijisanduku hata kwenye sahani ya wali.

Ili tusikosee, kila bechi iliingizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuonana. Wakitofautiana, kisanduku kinageuka chekundu, mkuu wetu anakuja kuamua. Wakikubaliana, mfumo unapitisha. Tuliambiwa siku ya mafunzo kwamba kwa njia hii kosa haliwezi kupita, nami niliamini kabisa. Nilikuwa nawaeleza hata jirani zangu kwa mbwembwe.

Aliyekaa meza ya pili kwangu alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Aliingiza karatasi haraka na safi kuliko sisi sote. Alikuwa akinitania kwamba sisi watu wa pwani tunaamka tumechoka, nami namjibu kwamba wao huko milimani wanakimbia kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya bidii. Tulielewana sana. Akinunua mihogo ya kukaanga ananibakizia, nami nikileta vitumbua simsahau.

Siku hiyo nilitoka kwenda kuchukua chai, nikakuta ugomvi kaunta. Mwanamke mmoja wa makamo, baibui jeusi, mtandio umemtoka kichwani na hana habari nao, ameshika karatasi na anaipiga kwa kiganja.

"Nataka ile yenyewe," anasema. "Ile iliyoandikwa kwa mkono. Hii mmeichapa nyinyi."

"Mama, hii ndiyo yenyewe," anajibu karani wa kaunta, macho kwenye simu. "Mfumo ndio unasema hivyo."

"Mfumo ulikuwepo? Mfumo ndio uliomfunga mzee kidevu?"

Nilicheka bila kutaka. Akanigeukia. Haki ya Mungu, yale macho yalinimaliza kicheko pale pale. Nikamwambia, "Dada, njoo huku, nieleze polepole." Nikamkalisha kwenye kiti cha fundi wa skana, chai yangu nikampa yeye.

Akanieleza. Walikuwa wakikaa Makorora, nyumba ya mkwewe. Mkwe alikuwa mzee sana, anaugua, na yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza, maana mumewe alikuwa na kazi kwenye hoteli ndogo huko Ushongo, anakuja na kuondoka. Alhamisi moja usiku, saa tano, mzee akakata roho. Shemeji yake, mdogo wake mumewe, alikuwepo, wakamlaza pamoja. Mume akapigiwa simu. Akaazima pikipiki, akakesha pale mtoni Pangani akingoja pantoni la kwanza, maana usiku halivuki. Kulipokucha akavuka. Karibu na Kigombe akagongana na lori. Saa mbili asubuhi ya Ijumaa hospitali ikaandika kwamba amefariki.

"Siku moja?" nikamuuliza.

"Si siku moja, dada. Baba usiku, mtoto asubuhi. Mwili wa mume wangu ulishikwa kwa mambo ya polisi mpaka jioni, ikabidi wangojane. Tukawazika pamoja Jumamosi."

Nikasema innalillahi. Lakini yeye hakuja kutafuta pole. Alinyoosha ile karatasi kwenye meza yangu akaweka kidole. Ilikuwa dondoo kutoka kwenye mfumo wetu, na mhuri wetu. Marehemu, yaani mkwe, tarehe ya kifo: ile Ijumaa. Saa: tano usiku.

Kwa karatasi ile, mtoto alikufa asubuhi na baba akamfuata usiku.

Asiyejua mirathi yetu anaweza kusema, kuna tofauti gani, wote si wamekufa? Tofauti ni nyumba. Baba akitangulia, mwanawe anarithi, hata akiishi saa chache tu baada yake, na fungu lake linakwenda kwa mjane na watoto. Mtoto akimtangulia baba, basi wajukuu hawana chao, ami yao yupo, anarithi yeye. Shemeji alikuwa amekwishapeleka hiyo dondoo mahakama ya mwanzo. Alikuwa anataka yule dada na watoto wake wanne watoke, na kesi ilikuwa inasikilizwa kesho yake.

"Lakini shemeji yako si alikuwepo?" nikasema. "Si ndiye mliyemlaza naye?"

"Alikuwepo."

"Anajua."

"Anajua."

Mwenzangu! Karatasi kukosea naelewa, karatasi ni karatasi. Lakini mtu amefumba macho ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe, halafu anaukuta mstari mmoja umekosewa, anaushika anakimbia nao! Nikamuuliza na majirani je. Akasema majirani walikuja Ijumaa asubuhi wakakuta vilio, hawakujua ni vya msiba mmoja au miwili, na shemeji anawaambia watu kwamba asubuhi ile kilikuwa cha ndugu yake tu. Wawili waliojua waliahidi kuja mahakamani, halafu wakasema mambo ya familia hayo, wao hawamo.

Nikaingiza namba ya karatasi, nikafungua picha. Ilikuwa taarifa ya kifo kutoka ofisi ya mtaa, imeandikwa Jumatatu, baada ya mazishi, kama tunavyofanya wengi wetu, tunazika kwanza karatasi inafuata. Mwandiko mzuri, wa wino wa buluu. Nikausoma kwa sauti: "Amefariki usiku wa Ijumaa, saa tano."

"Ndiyo hiyo!" yule dada akasema, akaruka kitini. "Si hiyo? Inasema kweli!"

Ilikuwa inasema kweli. Kwetu siku inaanza magharibi. Jua la Alhamisi likizama, Ijumaa imeingia, na usiku wa Ijumaa ni ule watu wanasoma Yasini, kabla hakujakucha. Nimezaliwa Kigombe, sijawahi kusikia mtu akiuita vingine. Ule unaofuata, baada ya swala na pilau na usingizi wa mchana, huo ni usiku wa Jumamosi. Hata mtoto anayeanza juzuu chuoni anajua.

Nikatazama chini ya skrini nani aliingiza. Wawili. Mmoja alikuwa binti wa Singida aliyekwishamaliza mkataba. Wa pili alikuwa jirani yangu wa meza. Wote wawili waliandika Ijumaa. Walikubaliana, kisanduku hakikuwa chekundu, hakuna aliyeuliza.

Nikamwita. Akaja na kikombe chake, anatabasamu.

"Kaka, soma hapa. Huyu alikufa lini?"

Akasoma. "Ijumaa usiku."

"Imeandikwa Ijumaa usiku?"

"Usiku wa Ijumaa. Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Wewe!" nilipiga kelele mpaka fundi wa skana akazima mashine. "Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi!"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mbili na mbili ni saba. Akamtazama yule dada. Yule dada akamwambia kwa upole, maana hakujua ndiye aliyeiingiza, "Ni Alhamisi, baba. Mimi nilikuwepo." Nikamweleza yote, nyumba, watoto, kesi. Akaweka kikombe pembeni ya meza, kikaanguka, hakukiokota. Akarudi kwenye kompyuta yake akaanza kupitia upya picha za kila bechi aliyoingiza, anatafuta kwa macho maneno "usiku wa". Zilikuwa nyingi. Kila akiiona moja anasema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo, anaandika namba yake, anasema tena. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Miaka yote tumekaa meza kwa meza tunasema Kiswahili kimoja, tunataniana, kumbe mwenzangu akisikia siku yangu yeye anaishi kesho yake.

Mkuu wetu alikuja. Akasikiliza, akatazama picha, akavua miwani. Akasema tarehe iliyokwishatolewa kwa mhuri haibadilishwi na yeye peke yake, kuna kamati, na kamati inakaa mwisho wa mwezi. Nikamwambia mwisho wa mwezi hawa watakuwa wanalala nje. Akasema anajua. Nikamwambia kama anajua basi afanye. Nilimkemea mkuu wangu mbele ya watu, sikujali. Mwisho akakubali kuchapa ile picha yenyewe, mwandiko wa mkono, akaigonga mhuri kwamba ni nakala halisi. Yule dada aliibusu. Nikadhani tumemaliza.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikaenda. Jirani yangu wa meza naye akaja, suti, tai, amenyoa ndevu, utadhani anakwenda kuoa. Hakulala, niliona machoni mwake. Chumba kilikuwa kidogo, feni linalia, watoto wanne wa yule dada wamekaa benchi la mbele kwa kufuatana urefu. Shemeji alikuwa upande wa pili. Nilitarajia kuona jitu lenye macho mekundu. Nikaona mtu mwembamba, kanzu safi, ndevu zimeanza mvi, mtu ambaye ungempa amana. Watoto walimwamkia shikamoo ami, akaitikia, na wala hakuwatazama.

Hakimu alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, hana muda mrefu hapa. Akapokea nakala yetu, akaisoma, akasema, "Sasa hii inabadilisha nini? Usiku wa Ijumaa. Dondoo inasema Ijumaa usiku."

Jirani yangu akasimama. Akaapa, akasema yeye ndiye aliyeingiza ile tarehe, na aliisoma kwa desturi ya kwao, na amekosea, na anaomba radhi kwa familia. Hakimu akamsikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo wewe uliyasoma maneno haya kama ninavyoyasoma mimi," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na aliyeandika, mtendaji wa mtaa, ni mtu wa wapi?"

Karani wa mahakama akajibu kwamba alikuwa mtu wa Dodoma, amehamishwa.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, nikasema mheshimiwa, mtendaji aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia yupo hapa hapa, ameandikwa chini ya karatasi: taarifa imetolewa na mtoto wa marehemu. Mtoto wa Makorora, aliyezaliwa Makorora. Aulizwe yeye alimaanisha nini.

Hakimu akamgeukia shemeji. "Ulisema wewe, usiku wa Ijumaa?"

"Nilisema mimi."

"Ulimaanisha usiku upi?"

Yule bwana akatazama mikono yake. Akasema, "Ijumaa usiku, mheshimiwa. Baada ya ndugu yangu."

Lahaula! Nilijisikia mwenyewe nikilitamka. Watu nyuma yetu wakanong'ona mpaka karani akagonga meza. Uongo nimeusikia mwingi maishani, mwingine nimeusema. Lakini mtu wa Tanga, amekua anasikia adhana ya magharibi ikiigeuza siku, anasimama mbele ya watu anasema hajui usiku wa Ijumaa ni upi! Nilishindwa hata kukasirika. Jirani yangu akanishika mkono wa baibui, ananiuliza kwa macho, kumbe inawezekana?

Hakimu akaandika. Halafu akamwambia mjane, "Una swali kwa shahidi huyu?" Alisema kwa namna ile ya kumaliza jambo, kalamu imekwishafunikwa.

Yule dada akasimama. Nilidhani atapiga kelele kama kaunta. Hakupiga. Alitengeneza mtandio wake, akasogea mpaka akawa mbele ya shemeji, karibu, kama anavyosimama mtu anayemwekea mwenziwe chakula.

"Shemeji," akasema, "sikuulizi mambo ya nyumba. Nakuuliza ile simu."

Yule bwana akainua kichwa.

"Ulipiga wewe. Ulisimama uani karibu na pipa la maji, mimi nilikuwa mlangoni nimeshika taa. Wewe ulisikia sauti yake, mimi sikuisikia. Nilitaka kukuomba unipe niongee naye, nikaona haya, kwa sababu ulikuwa unalia. Ulikata. Sikuongea naye tena. Kwa hiyo maneno ya mwisho mume wangu aliyoyasikia kutoka nyumbani ni yako. Yaseme hapa. Watoto wake hawajawahi kuyasikia. Ukisema ulimwambia baba mgonjwa njoo umwone, mimi nitanyamaza, leo hii nafungasha."

Nilitaka kumvuta baibui. Nilitaka kumwambia usiweke nyumba ya watoto mdomoni mwa mtu huyu, amekwishadanganya mara moja, ya pili itamshinda nini? Hakimu mwenyewe aliinua macho. Hata feni nilikuwa silisikii.

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Akawatazama watoto, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Mdogo wao alikuwa anachezea kishikizo cha shati, hana habari. Yule bwana akaanza, "Nilimwambia baba..." akakwama. Akaanza tena, "Nilimwambia baba ni..." Akajishika mezani kwa mikono miwili.

"Nilimwambia fanya haraka," akasema. "Nilimwambia fanya haraka, hatumziki mpaka ufike."

Hakimu alikuwa amefunua kalamu na hakuandika. Yule bwana akawa anarudia tu, fanya haraka, fanya haraka, machozi yanadondoka juu ya kanzu yake safi, hata hajipangusi.

"Na aliharakisha," yule dada akasema, akarudi kukaa na wanawe.